Kisigino cha Mke wa Erasto

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilianguka chali mbele ya watu arobaini, na wawili kati yao walikuwa wageni wenye kamera. Nasema mapema ili asije mtu akanisimulia habari zangu mwenyewe kana kwamba sikuwepo. Nilikuwepo. Aliyeanguka ni mimi, Rhobi, mkata nyasi wa kiwanja cha gofu pale Nyansurura, na nilianguka baada ya kuupiga mpira kwa nguvu za kumwangusha ndama. Mpira ulikwenda hatua kumi na tano. Mimi nilikwenda chini.

Kiwanja chetu si kikubwa. Kina mashimo tisa, mashamba ya mtama huku na malisho kule, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kufukuza ng'ombe wa watu. Miaka tisa nimekata nyasi zile. Najua kila kichuguu, najua maji ya mvua yanakokimbilia, najua mwanachama gani akikosea hulaumu nyasi zangu. Lakini mfanyakazi huwezi kucheza pamoja na wanachama mpaka upite mtihani wa draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, yenye kichwa kinene, ya kuupigia mpira wa kwanza kutoka kwenye kijiti. Unapewa mipira mitano. Mitatu lazima ivuke kijito kilicho hatua mia na ishirini mbele yako na itue kwenye nyasi fupi. Mtihani ni mara moja kwa mwaka, na ukishindwa mara tatu hupewi nafasi nyingine. Mwaka juzi nilivusha mmoja. Mwaka jana nimekwisha kuwaambia. Ilibaki mara ya tatu.

Mtu ataniuliza, mama mzima wa miaka arobaini na moja, mpira wa gofu unautakia nini? Siku moja mgeni aliniachia draiva yake iliyokwaruzika, nikaipiga jioni watu walipoondoka. Kati ya mipira kumi, mmoja ulikutana na uso wa fimbo katikati kabisa. Ulitoa sauti ambayo sijawahi kuisahau, na mikono yangu haikusikia uzito wowote. Tangu siku hiyo kukata nyasi wachezee wengine kulianza kuniuma. Nilitaka kusimama pale juu mchana, siku ya Jumamosi, watu wakiniona, kama mchezaji.

Vedasto ndiye nahodha wa klabu, mtu wa Ukerewe, msafi, mwenye kofia nyeupe isiyoshika vumbi hata wakati wa kiangazi. Simsingizii ubaya. Alinifundisha kwa moyo wake wote, hata kunionyesha video za wachezaji, ila alikuwa na dawa moja tu. "Kichwa chini, mama Rhobi! Tazama mpira!" Niliutazama mpira mpaka nikawa nauota. Nilipoanguka siku ile alinipa mkono kuniinua, halafu akasema, huku wageni wakisikia, "Labda ungejaribu netiboli." Watu wakacheka. Hasira zangu hazijawahi kunipa faida yoyote, ila siku zote zinatangulia kufika. Nikamwambia mwakani nitavusha mipira mitatu, na kofia yake nitaitumia kukaushia fimbo. Ilikuwa ahadi kubwa kwa mtu mwenye matope mgongoni.

Basi mwaka huu, mwezi wa sita, nikachukua likizo yangu yote ya siku ishirini na nane, nikaenda nyumbani Turwa na ile draiva pamoja na mipira kumi na mmoja iliyochakaa. Mume wangu Erasto ni fundi pikipiki kule Nyamisangura. Alinitazama nikishuka na fimbo begani, akasema, "Ukivunja dirisha la mtu, mimi sikujui," kisha akaenda kazini. Kwa Erasto hayo ni mapenzi.

Nyumba yetu iko ndani ya mji wa baba yake. Kati ya ua wetu na wao kuna mstari wa minyaa uliofungana, wenye upenyo mmoja, na kwenye upenyo huo mama mkwe wangu, Bibi Boke, hukaa kila asubuhi akipukuchua mahindi ili asipitwe na jambo la upande wowote. Nyuma ya nyumba kuna shamba lililokwisha kuvunwa, na mwisho wake migomba. Nilikusudia kuvusha mpira juu ya ile migomba, maana nilihesabu hatua nikakuta ni mia na ishirini na tano.

Asubuhi ya kwanza nilipiga mipira yote kumi na mmoja. Hakuna uliofika migombani. Mitatu iliviringika kama viazi, na mara mbili niliyumba nikakaa kitako. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Bibi Boke alicheka mpaka punje zikamwagika.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya minyaa. "Mama Erasto."

Alikuwa baba mkwe wangu, mzee Kisyeri. Kwetu Wakurya baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali: hawashikani mikono, hawakai benchi moja. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mzee Kisyeri ni wa zamani kabisa, hata salamu yangu anaijibu akitazama ng'ombe. Neno lolote la maana anampa mkewe anifikishie, hata kama nimesimama hatua sita na nimelisikia lote.

"Mama Erasto, muulize mke wa Erasto, alipokuwa msichana alichunga?"

Bibi Boke akanigeukia. "Anauliza kama ulichunga."

"Shikamoo, Tata," nikasema kuelekea minyaa. "Mama, mwambie nilichunga miaka saba. Kwetu hapakuwa na mvulana mkubwa."

"Anasema alichunga."

"Hilo nilijua. Muulize akichoka alikuwa akipumzikia mguu gani."

Sikujibu kwa mdomo. Mwili wenyewe ulijibu. Niliikita draiva chini kama fimbo ya malishoni, nikaegemea, uzito wote ukalala mguu wa kulia na unyayo wa kushoto ukapanda kukaa juu ya goti. Yeyote aliyechunga huku kwetu anaijua kusimama hivyo. Unaweza kukaa hivyo saa nzima ukitazama ng'ombe.

"Wa kulia," Bibi Boke akapeleka habari.

"Mwambie bado yuko malishoni," mzee akasema. "Mimi sijui huo mchezo wake, sijauona na sina haja ya kuchungulia. Lakini masikio ninayo. Kila asubuhi akipita kuchota maji, mguu wa kulia unatua kama mchi, wa kushoto unagusa tu kama mgeni mlangoni. Sasa anapopiga, nasikia anaegemea kulia akiinua fimbo. Sawa. Halafu anabaki hukohuko! Fimbo inakwenda mbele, mwenyewe kakaa nyuma. Ataachaje kuanguka?"

Sitaficha, nilikasirika. Miaka mitatu nimeambiwa kichwa, kichwa, kichwa, na Vedasto na video zake zote, kumbe hakuna aliyewahi kutazama miguu yangu. Ameigundua mzee asiyewahi kuuona mpira wa gofu, tena akiwa amenipa mgongo.

Kesho yake Bibi Boke alinijia amekumbatia kitu kwenye gunia. Vilikuwa ibirandi, viatu vya mbao ambavyo wanaume wa Kikurya huvivaa wakicheza ngoma ya ritungu. Unyayo wake una unene wa tofali, na ukivivaa lazima uuweke uzito wako katikati ya mguu, la sivyo mbao inapinduka na wewe. Mzee Kisyeri alikuwa mchezaji wa kusifika na mpigaji wa ritungu kwenye harusi nyingi za Tarime. Vilikuwa vyake mwenyewe, vimeng'aa kwa jasho la ujana wake.

"Lakini hivi si ni vya wanaume?" nilimnong'oneza mama mkwe.

"Mbao haijui," ikajibu minyaa.

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Draiva niliambiwa niiache ndani. Mzee alikaa upande wake, akapiga ritungu lake la nyuzi nane, na mimi upande wangu nikakanyaga. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, mgongo wima. Mguu ukitua sawa, mbao inasema *kwa*, mlio mmoja mnene. Uzito ukikimbilia ukingo wa nje, inasema *kwa-ka*, na kifundo cha mguu kinapata habari zake. Kila *kwa-ka* mzee alizizima nyuzi.

"Mwambie ukingo."

"Ukingo," alisema Bibi Boke.

"Mwambie sasa kakaa kisiginoni."

"Kisigino."

"Mwambie mguu wa kushoto si wa jirani, ni wa kwake, aukanyagie."

"Umesikia," alisema Bibi Boke, ambaye kufikia siku ya tatu alikuwa amechoka kuwa posta.

Nilianguka mara nne siku ya kwanza na mara tatu siku ya pili. Majirani walianza kupita njia ya kwetu hata wasio na safari. Siku ya tisa jua lilikuwa kali, kifundo kilikuwa kimevimba, likizo inayeyuka, na sijaigusa draiva hata mara moja. Mzee akazizima nyuzi kwa mara ya ishirini. "Ukingo." Nikapandwa na hasira.

"Mimi najifunza gofu!" nikapiga kelele. "Sijifunzi kuwa kijana wa ngoma!" Nikakivua kiatu cha kulia, nikakirusha. Sikukusudia kivuke minyaa. Kilivuka. Nikasikia kikigonga kitu, na uzi ukakatika kwa mlio mkali.

Bibi Boke hakucheka. Alichukua ungo wake akaingia ndani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimeivunja heshima yenyewe: kumrushia baba mkwe kiatu, tena kiatu chake! Erasto aliambiwa jioni, na alipolala alinipa mgongo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku ile ya wageni na kamera.

Kuingia kwa mzee nikapige magoti sikuweza, desturi hairuhusu. Nikafikiri kwa namna nyingine. Nilikwenda kwenye bucha moja Nyamisangura, nikaomba mshipa mrefu wa mgongo wa ng'ombe, kwa sababu mzee hatumii nyuzi za plastiki kama vijana. Niliuanika siku mbili, nikauchambua, nikausokota kwenye paja kama nilivyomwona bibi yangu akisokota. Siku ya tatu nikauweka kwenye upenyo wa minyaa juu ya ungo safi, nikageuka nikaupa ua wake mgongo kama anavyonifanyia yeye.

"Tata," nikasema, na safari hii sikumpitisha mtu, "nimekosa. Hasira zangu zimenitangulia tangu utoto. Uzi ni huu. Kama hutaki kunifundisha tena, nitaelewa, lakini ritungu lisikae na pengo kwa ajili yangu."

Hakujibu. Niliondoka nikiwa na hakika mtihani umekwisha kabla ya kuanza.

Kesho yake alfajiri, nilipokuwa nikipita na ndoo, nilisikia uzi mmoja ukivutwa, ukilegezwa, ukivutwa tena. Nikasimama. Ukakazwa mpaka ukakubaliana na wenzake saba. Kisha sauti yake: "Mama Erasto, mwambie mke wa Erasto, leo miguu yote miwili imebeba ndoo sawa." Na ungoni, kwenye upenyo, kiatu changu cha kulia kilikuwa kimerudishwa.

Nililia pale pale na ndoo kichwani. Maji yakanimwagikia na sikujali.

Siku zilizobaki alinipa ruhusa ya kushika draiva, ndani ya vile viatu. Alinifundisha kwa nyuzi. Uzi mnene ulipolia niliinua fimbo, uzito ukaja mguu wa kulia, lakini upande wa ndani, goti likiwa limelegea kidogo. Mbao ikisema *kwa-ka* nimekwisha kukosea. Halafu, kabla mikono haijafanya neno, uzi wa pili: kushoto, kanyaga! Ndipo fimbo ishuke, kiuno kigeuke, kitovu kitazame migomba, na kisigino cha kulia kiinuke kimfuate mwenzake, mpaka ncha tu ya kiatu ibaki chini. Na mwisho wa yote palikuwa na sharti ambalo lilinichosha kuliko mengine.

"Mwambie asimame hivyo hivyo mpaka uzi unyamaze."

Mnajua uzi wa mshipa unachukua muda gani kunyamaza? Unalia, unapungua, unadhani umekwisha, kumbe bado unanong'ona. Na mimi nimesimama mguu mmoja wa kushoto, kwenye tofali la mbao, fimbo mgongoni. Mwanzoni niliyumba kama mlevi wa sokoni. Siku ya ishirini na mbili nilisimama. Mara kumi mfululizo nilisimama mpaka hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa kuku.

"Mwambie avue," mzee akasema.

Nikavua, nikakanyaga udongo peku. Miguu ilikuwa myepesi kama si yangu, lakini nilijua kila kidole kilipo. Nikaweka mpira juu ya kijiti. Uzi mnene ukalia, nikainua. Kushoto, nikakanyaga. Mpira ulitoa ile sauti niliyoitafuta miaka mitatu, ukapaa, ukaivuka migomba, ukaenda kutua kwenye muhogo wa jirani ambako sijawahi kuupata hadi leo. Bibi Boke alirusha mahindi juu. Nilipiga yote kumi na mmoja, na minane ilivuka. Nilikimbia kuzunguka shamba nikipiga vigelegele, peke yangu, mama wa watoto watatu.

Siku ya mtihani Nyansurura ilikuwa Jumamosi yenye upepo kidogo. Nyasi nilikuwa nimezikata mwenyewe jana yake, baada ya kurudi kazini. Wanachama walijaa, wafanyakazi wenzangu wakajipanga upande wa ghala la mashine. Erasto alifika, na nyuma yake Bibi Boke akiwa na kitenge kipya, na nyuma kabisa mzee Kisyeri amebeba ritungu kwenye gunia. Alizunguka akaketi nyuma ya ghala, mgongo kwa kiwanja. Vedasto alimfuata kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Karibu sana. Ila hapa wakati wa kupiga ni kimya kabisa, ndiyo kanuni. Muziki hauruhusiwi."

"Marahaba. Nimesikia," mzee akasema.

Mimi nikasikia pia. Tangu nianze masomo sikuwahi kupiga vizuri hata mara moja bila zile nyuzi. Na Vedasto aliporudi akaongeza, kwa utani tu, "Mama Rhobi, leo umekuja na godoro la kuangukia?"

Watu wakacheka, na hasira zangu, kama kawaida, zikafika kabla yangu. Nikaukabili mpira wa kwanza kama adui. Nikainua, nikaegemea kulia, nikabaki hukohuko. Nilikuwa malishoni tena. Mpira ulikata kushoto ukaingia kijitoni, *chubwi*, na nilipiga hatua tatu nyuma nisianguke. Mtu alicheka, kisha akajizuia.

Nikainama nikavua viatu na soksi. Vedasto alimnong'oneza mwanachama mwenye kijitabu cha kanuni, wakafungua, wakafunga. Peku haikukatazwa. Nikakanyaga nyasi zangu, zile ninazozijua miaka tisa. Kulia, kushoto. Nyayo zikajaa. Mpira wa pili ulivuka kijito ukatua katikati ya nyasi fupi. Wa tatu ukavuka ukautangulia wa pili. Wenzangu wa ghala walianza kuguna kwa furaha, na mimi nikafanya kosa la kuanza kusherehekea moyoni. Wa nne niliupiga kwa haraka, sikuungoja mguu. Ulivuka, lakini ukapinda kulia ukazama kwenye nyasi ndefu. Hauhesabiwi.

Miwili imehesabiwa. Umebaki mmoja. Nikiukosa, nitaishia kwenye mashine ya kukata nyasi mpaka nistaafu.

Niliuweka mpira juu ya kijiti. Kiwanja kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia ng'ombe wakitafuna upande wa pili wa kijito. Nilitazama ghala. Nilijua nyuma yake kuna mtu amefumba mdomo na kufungua masikio, anangoja miguu yangu imwambie kilichotokea. Hakuniona nikianguka mara hata moja, na hakuniona nikisimama. Alinisikia tu. Nikasema moyoni, basi leo nitampigia yeye, asikie vizuri.

Nikainua fimbo polepole, uzito ukaja ndani ya mguu wa kulia. Uzi wa pili ukalia kichwani mwangu. Kushoto, kanyaga!

Sauti ilikuwa ile ile. Mikono haikusikia kitu. Watu wote waliinua nyuso kuufuata mpira, isipokuwa mimi. Nilisimama kwa mguu wa kushoto, kitovu kinatazama kijito, kisigino cha kulia juu, fimbo mgongoni, na sikutikisika. Nilisikia mayowe ya wenzangu. Nilimsikia Bibi Boke akipiga kigelegele kirefu. Nilimsikia Erasto, mtu asiyejua kupaza sauti, akiita, "Huyo ni mke wangu! Ni wangu!"

"Mama Rhobi," Vedasto alisema karibu nami, na kofia alikuwa ameivua mwenyewe, "umevuka. Mbali sana. Umepita. Shusha fimbo sasa."

"Ngoja kidogo, nahodha," nikasema. "Uzi haujanyamaza."

Ulipokwisha kunyamaza nikashusha, na machozi yakashuka pia. Bibi Boke alinifunga kitenge chake kipya kiunoni, akisema mcheza kwao hutunzwa. Vedasto akanipa ile kofia nyeupe, nikakaushia fimbo mbele ya watu wote, kama nilivyoahidi, naye alicheka kuliko sisi sote.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ghala, na watu wakageuka.

"Mama Erasto. Mwambie kisigino cha kulia kimechelewa kidogo."

Watu waliangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amegeukia ghala, kwa sababu mzee alikuwa bado hajamaliza.

"Mwambie binti yangu apige mwingine. Nataka kusikia tena."

Miaka kumi na tisa nimeolewa pale, siku zote mimi ni mke wa Erasto. Bibi Boke alinitazama kuhakikisha nimesikia. Aliponiona uso hakurudia maneno, kwa mara ya kwanza.

Vedasto mwenyewe aliinama akaniwekea mpira wa sita juu ya kijiti, usiohesabiwa na mtu yeyote. Nikakanyaga, nikapiga. Ulikwenda mbali kuliko yote mitano, na safari hii kisigino hakikuchelewa, nilikisikia. Nikasimama. Na nikiwa bado nimesimama, ritungu likalia nyuma ya ghala, nyuzi zote nane, ule wangu ukiwemo. Vedasto alifungua mdomo kutaja kanuni, akaufunga.

Wenzangu walikwisha kuanza kucheza pale pale, na Bibi Boke akamsimulia Vedasto habari zote za ibirandi. Vedasto akanisogelea, akanitazama miguu kwa mara ya kwanza tangu tujuane, kisha akaitazama yake.

"Mama Rhobi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hivyo viatu vya mbao mtu anaweza kuazima?"

"Mwombe mama mkwe amuulize mzee," nikamwambia.

Bibi Boke akashusha pumzi, akageukia ghala, akapeleka ombi. Nyuzi zikazimwa.

"Mama Erasto," mzee Kisyeri akasema, "kwanza muulize huyo nahodha kama alichunga."